Aliyesema Skinner ndiye “yule wa mbwa” aombe radhi humu humu

Wakuu, salaam. Kuna mtu humu, mnamjua na sina haja ya kumtaja, ambaye usiku huu ameandika kwamba Mwalimu Mkuu Skinner wa The Simpsons, ile katuni ya Kimarekani, alipewa jina la “yule wa mbwa na kengele”, na nilipomsahihisha kwa adabu akaniambia nirudi darasani. Yule wa mbwa! Mbwa ni wa Pavlov, mwanasayansi Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, wakati B. F. Skinner, mwanasaikolojia Mmarekani ambaye ndiye mwenye jina alilopewa mwalimu huyo, ni kichanga mikononi mwa mama yake huko Pennsylvania. Alimpigia kengele mbwa gani?

Skinner alikuwa mtu wa panya na njiwa. Mnyama aliwekwa kisandukuni, akabonyeza wenzo, chakula kikadondoka, naye akajifunza kubonyeza tena. Mbwa wa Pavlov alidondokwa na mate tu aliposikia kengele iliyozoeleka kutangulia chakula. Mnyama wa Skinner hutenda, na matokeo ya kitendo chake ndiyo yanayomfunza. Ndiyo maana katika kipindi cha mwaka 1993, Lisa anapompima kaka yake Bart dhidi ya hamsta, hamsta hupigwa shoti mara moja akakiacha chakula, ilhali Bart huishika keki yenye umeme, akapiga yowe, kisha akaishika tena. Kengele iko wapi hapo? Mtu ameyatazama hayo yote, halafu anaandika “yule wa mbwa”! Akikabidhiwa shule huyo, hata njiwa watagoma kuandikishwa.

Jibu: Mkuu, Bart ni wewe. Bwana huyo hukupiga shoti kila siku na bado unamrudia.

Jibu: Namuunga mkono mleta uzi. Huyo huyo alinibishia kwamba B. F. Skinner alimlea bintiye katika kisanduku cha panya hadi akarukwa na akili. Kilikuwa kitanda cha mtoto chenye kioo na joto lililodhibitiwa, na binti mwenyewe aliukanusha uvumi huo gazetini mwaka 2004.

Jibu: Jina si hoja. La kuombwa radhi ni kipindi cha mwaka 1997, walipotuambia kwamba Mwalimu Mkuu Skinner tuliyemzoea ni tapeli aitwaye Armin Tamzarian.

Mleta uzi: Turudi kwenye mada, wakuu. Kasema “yule wa mbwa”!

Jibu: Tamzarian limeniuma hadi leo. Eti mwishoni jaji anaamuru jambo hilo lisitajwe tena! Hata Harry Shearer, aliyempa Skinner sauti wakati huo, alikilaumu kipindi hicho hadharani.

Jibu: Hilo lifunguliwe uzi wake, nami nitakuwa wa kwanza kuchangia.