Gesi inatoka Msimbati, mtungi wangu unatoka Dar. Mpaka lini?

Wakuu, leo mniache niseme. Nimetoka dukani kubadilisha mtungi mdogo, naambiwa bei imepanda, mzigo umechelewa kutoka Dar. Dar! Mimi niko Mtwara mjini, visima vya gesi vya Mnazi Bay viko hapo jirani, Msimbati.

Kabla wajuaji hamjaanza: najua gesi ya mtungi siyo ya Msimbati. Ile inaletwa na meli kutoka nje. Yetu ni methani, haishindiliki kwenye mtungi wa jikoni, inataka bomba mpaka nyumbani. Sasa hilo bomba liko wapi? La kwenda Dar lilipatikana, zaidi ya kilomita 500, kwa mkopo wa China, likazinduliwa 2015. La kufika jikoni kwangu ndio limeshindikana? Kuna nyumba chache zimeunganishwa, ndizo wageni wanapelekwa kupigia picha. Mtaani kwetu ni mkaa, na mkaa wenyewe siku hizi si wa kuuchezea.

Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, kule Kilwa, iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Wajukuu wa waliokuwepo wanazaa sasa. 2013 watu waliposema gesi haitoki Mtwara kwenda Dar, mji ukawaka moto, wengine wakafa, tukaambiwa tuna ubinafsi, gesi ni ya Watanzania wote. Sawa. Kwani sisi ni wa Msumbiji?

Na Lindi nako. Likong'o wameachia mashamba yao kupisha mtambo wa kusindika gesi ya baharini. Tukahesabiwa gesi ya nchi nzima futi za ujazo trilioni 57, tukatajiwa mabilioni ya dola, Juni 2022 wakasaini makubaliano ya awali mbele ya kamera. Nendeni Likong'o leo mkautafute huo mtambo. Vijana waliokimbilia kusomea mafuta na gesi wakati wa ile homa ya gesi, wengine nawajua, wanaendesha bodaboda na vyeti viko kabatini.

Halafu umeme ukikatika hapa tunaambiwa mashine imeharibika. Mashine inayotumia gesi hiyo hiyo!

Mbunge wetu, diwani, yeyote mwenye orodha ya mitaa ya Mtwara itakayowekewa bomba na mwaka wake, aiweke hapa tuione. Ukija na "mchakato unaendelea", baki nao.