Mabanda ya kuku wa kisasa yatoke mjini Tanga au yabaki?

Mkaa Makorora: Wadau, naleta hoja. Jirani ana kuku wa nyama mia tatu, banda limegusana na dirisha la chumba cha wanangu. Siku akitoa maranda, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Juzi nimemwona akimimina pakiti nzima ya oksitetra, ile antibayotiki ya mifugo, kwenye ndoo ya maji ya kuku. Hawaumwi, eti "kinga". Vijidudu vinavyopona hapo ndivyo sugu, dawa haviviui tena, vinapanda na vumbi, tunavivuta. Mwaka 2016 watafiti wa Sweden walichambua moshi wa Beijing wakakuta usugu hata kwa karbapenemu, zile dawa za mwisho za wodini. Jiji lipige marufuku kufuga katikati ya nyumba, ndiyo au hapana?

Mama Vifaranga: Hapana! Kuku hao wamenisomeshea watoto wawili. Na wewe mayai wayapata wapi, yashuka na kaskazi? Beijing na Makorora wapi na wapi. Halafu usafi gani huo, ilhali mtoto akijikata mwapasua rangi mbili, vile vidonge vya antibayotiki, mkamwagia unga kidondani? Duka lolote la dawa hapa Tanga wapewa vidonge vinne kwa jero, cheti hakiulizwi. Anzeni huko.

Nyuma ya Kaunta: "Duka lolote", mama? Umeyapita yote? Mimi nina miaka tisa nyuma ya kaunta. Mtu anaingia, hata salamu hana, anaweka jero mezani: "Nipe amoksilini za leo tu." Namweleza dozi ni ya siku tano, anacheka. Nikimnyima, anavuka barabara anapata. Na wengi wao ni hawa waja leo, mwenyeji angalau hukusikiliza.

Msukuma wa Chumbageni: Naomba kujua "waja leo" ni nani. Nina miaka 14 Tanga, nimeoa hapa, nimejenga Pongwe.

Bila Breki: Hata ujenge ghorofa Raskazone, kaka. Usemi wenyewe ni waja leo waondoka leo. Wewe hujaondoka, umechelewa tu 😂

Msukuma wa Chumbageni: Wewe mwenye baiskeli isiyo na breki ndiye wa kunipa uraia? Na dozi namaliza, wala sinunui kwa jero. Huyo muuza dawa aombe radhi.

Nyuma ya Kaunta: Radhi ya nini, nimesema "wengi", sikusema wewe. Mwenye kidonda ndiye hushtuka.

Mama Vifaranga: Kidonda akimwagie rangi mbili basi.

Nesi Mstaafu: Hodi jamani. Kwanza Beijing: walichosoma wale ni vinasaba, na kinasaba kwenye moshi hakikuambii kama kidudu chenyewe ki hai. Kwa hiyo Mkaa Makorora, hujadanganya ila umekoleza chumvi. Pili, mama yangu, usishangilie. Anayeanza kuvibeba vijidudu sugu vya bandani ni mfugaji mwenyewe, mikononi, puani na tumboni, kabla jirani hajafungua dirisha. Vikishakuwa sugu hupeana huo usugu, hata kidudu ambacho hakijawahi kuonja dawa kinaupata. Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alipopokea Nobel 1945 alishaonya juu ya mtu anayejipa dozi pungufu. Sasa ndoo ya kuku mia tatu nani anapima kila mmoja kanywa kiasi gani? Ile hesabu ya dunia iliyotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria vifo milioni 1.27 mwaka 2019 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu. Hewa ni njia mojawapo, mimi ningeanza na mikono na maji.

Bila Breki: Nesi, na ile ya kumwagia unga wa rangi mbili kwenye kidonda ni kweli haifai? Bibi yangu alitutibu hivyo wote.

Nesi Mstaafu: Osha kwa maji safi na sabuni, mwanangu. Bibi alikuponya kwa kukuosha.

Msukuma wa Chumbageni: Bado nasubiri radhi.

Mkaa Makorora: Jamani hoja yangu. Ndiyo au hapana? Hata kama si marufuku, basi banda likae mbali na dirisha, na maranda yaloweshwe kidogo kabla ya kutolewa.

Mama Vifaranga: Hilo la kulowesha nalikubali, nami vumbi laniumiza kifua. Ila oksitetra nikiiacha, vifaranga vikifa walipa wewe?

Nesi Mstaafu: Mwite bwana mifugo, mama. Kideri kinachoua kuku ni kirusi, kina chanjo yake. Oksitetra haikigusi.

Bila Breki: Mama Vifaranga, maranda yaliyotumika wauza? Nina mchicha Pongwe umegoma kunenepa.

Mama Vifaranga: Elfu mbili kiroba. Uje na viroba vyako, na uje asubuhi.

Msukuma wa Chumbageni: Nami niwekee vitatu. Waja leo bei ni hiyohiyo?