Tupeane uzoefu: usalama kazini kwenu mnaupimaje bila kumtafuta mchawi?

Wakuu habari za jioni, naanza mimi. Kiwandani kwetu tunatengeneza ndoo na mabeseni, getini kuna ubao SIKU KADHAA BILA AJALI, zikifika 100 kila mtu anabeba kilo tano za sukari. Tuko siku ya 97 mashine ikambana dogo kidole, akakifunga kitambaa akatia mkono mfukoni mpaka shifti ikaisha, nani anataka kuonekana kawanyima watu sukari? Ikajulikana kidole kishatunga usaha. Akapewa barua ya onyo, ubao ukarudi 0. Gadi ya ile mashine, kile kikinga cha kuzuia mkono usiingie, ilitolewa zamani eti inachelewesha, hilo hakuna aliyeliuliza. Sasa ule ubao unapima nini jamani?

nesi_wa_zamu: Pole yake. Kwetu fomu ya kuripoti kuchomwa sindano ilikuwa na sehemu "kosa ni la nani", basi zinajazwa mbili tatu kwa mwaka wakati kwenye chai kila mtu ana stori yake. Na dawa za kuzuia VVU mwisho masaa 72, mtu anaficha huku muda unakwenda!! Kaja metroni mpya kaifuta ile sehemu, akaanza kuzunguka usiku anachungulia sefti boksi, zile boksi za kutupia sindano zilizotumika, zinatakiwa zibadilishwe zikifika robo tatu, akakuta zimefurika sindano zimechomoza juu. Kisa? Stoo inafungwa saa kumi jioni na ufunguo unaondoka na mtu. Ufunguo ukaachwa wodini. Ripoti zikaongezeka, mganga mkuu akapaniki eti tumeharibika, metroni akamwambia hapana, sasa ndo wanasema.

Wa Mombasa: Huku Kenya sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka ukaguzi kila miezi 12. Saiti niliyokuwa, mkaguzi akija kesho leo helmeti mpya zatoka stoo, jioni zarudishwa tukiwa twahesabiwa. Tulipasi 😂

Kinyozi mstaafu: Tusidanganyane, wazembe wapo. Dereva wa foklifti anachati huku anaendesha, huyo naye tumlaumu nani?

Mleta uzi: Sikatai mzee wangu, mwambieni aache. Ila godauni letu nguzo moja ya kwenye kona imegongwa na madereva watatu tofauti, wote wamepewa barua na mmoja kafukuzwa. Kioo cha kuonea kona hakuna mpaka leo. Nguzo tu ndo haijaandikiwa barua.