Tunahitimu baiolojia bila utafiti: andiko langu la mwani limegeuzwa hojaji

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu jambo hili limenipotezea mwaka mzima wa masomo.

Ninasoma baiolojia, mwaka wa tatu, katika chuo kimoja hapa Unguja. Kwetu ni Micheweni, Pemba, ambako mama yangu analima mwani. Wanaolijua zao hili wanalijua na tatizo lake: kotonii, aina ya mwani ambayo bei yake inaipita ya aina nyingine iitwayo spinosamu, haistahimili joto, bahari ikipata moto, matawi yake hugeuka meupe, hulainika na kukatika, na kazi ya wiki sita huchukuliwa na maji. Andiko langu la utafiti lilikuwa na swali moja tu: kamba zikihamishiwa kwenye kina kirefu zaidi, ambako maji hayapati joto kali wakati wa kupwa, je, kotonii itaokoka? Nilihitaji kipimajoto, kipimo cha chumvi, mizani, hadubini na bamvua nne mfululizo, yaani vipindi vya maji kujaa na kupwa sana.

Msimamizi alilikubali andiko mwezi wa Novemba. Barua ya kibali ikakaa ofisini hadi Februari, kisha nikaambiwa kwamba maabara haina nafasi, nibadilishe mada, niandae hojaji ya watu 30 niwaulize wanaonaje kuhusu kilimo cha mwani. Siidharau hojaji, na mama yangu ana mengi ya kusema, lakini maelezo yake hayawezi kunionesha kinachotokea ndani ya mwani wenyewe unapoanza kuwa mweupe.

Mwezi huo huo nilichukuliwa kuwa mkalimani wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka Marekani, rika langu, aliyepewa mwezi mzima wa utafiti wake pamoja na meza katika maabara ile ile niliyoambiwa imejaa. Yeye hana kosa lolote. Ndiye aliyenifundisha kutumia kipimo cha chumvi. Kosa ni la idara inayomwandalia mgeni kila kitu na kumwona mwanafunzi wake kuwa ni usumbufu. Popo wa Pemba na kima punju hawana asili nyingine duniani isipokuwa visiwa hivi, watu wanavuka bahari kuja kuwasoma, nasi tunawaona kwenye slaidi.

Ninachodai hakihitaji fedha nyingi. Andiko lianze mwaka wa pili ili kibali kisile muhula wa mwisho. Ratiba ya maabara ibandikwe ukutani, kila mtu aone nani ana meza na kwa siku ngapi. Na kila mradi wa mgeni umchukue mwanafunzi wetu mmoja awe mtafiti, si mkalimani wala mbeba ndoo.

Aliyewahi kupata kibali kabla ya muhula kwisha aeleze hapa alipitia njia gani, kwani wadogo zetu wa mwaka wa pili wanaanza kuandika maandiko yao sasa.