Naomba ushauri: karavani ya kwanza, ya vitanda vya ghorofa au ile fupi?

Kobe_Mpya: Wakuu, sijawahi kumiliki karavani, yaani tela la kulala linalovutwa na gari. Tuko watano, mimi, mke na watoto watatu. Nimebakiza mbili kichwani. Moja ina urefu wa mita 6 na vitanda vya ghorofa nyuma. Nyingine ni fupi, meza unaigeuza kitanda kila usiku. Siku ya tatu leo silali vizuri. Nichukue ipi?

BabaMapacha: Ya ghorofa, usijiulize mara mbili. Sisi tulianza na ya meza. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, mtoto mmoja ana homa kalala mezani, wengine hawana pa kukaa. Tulikula tumesimama. Tuliiuza mwaka huohuo.

Mama_Njiani: Mkuu, vitanda baadaye, angalia maji kwanza. Kagua mishono ya paa, fungua makabati ya juu uchungulie pembeni, bonyeza ukuta kwa kidole gumba, hasa chini ya madirisha. Pakibonyea, au ukisikia uvundo, ondoka. Yangu iling'aa kama mpya. Nilipoinua godoro, mbao zilikuwa zinamomonyoka mkononi. Mpaka leo naumia.

Spana13: Unavuta na gari gani?

Kobe_Mpya: Gari lipo na nguvu linazo. Tubaki kwenye vitanda, tafadhali.

Spana13: Hujanijibu. Linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi?

Kobe_Mpya: 1,500. Karavani ni 1,420, kwa hiyo inaingia. Muuzaji mwenyewe kasema litavuta bila shida, na mimi si mtu wa mbio. Halafu advansi nimeshatoa.

Mzee_wa_Hema: Vijana mnapenda makubwa. Hema moja lilitulea watoto wanne, na wote wanapendana hadi leo.

Spana13: Hizo 1,420 ni tupu. Maji lita 100 ni kilo 100. Ongeza mitungi ya gesi, betri, vyombo, nguo za watu watano. Soma kibao chake, uzito wa juu ni ngapi?

Kobe_Mpya: 1,850.

Spana13: Umeona. Na lipo la pili. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela inatakiwa ilalie kiungio, pale tela linaposhikana na gari. Ukisema upunguze kwa kusukuma mizigo nyuma, tela linaanza kupiga mkia, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo linavyozidi. Injini inaweza kuvuta vizuri tu. Mimi naogopa mteremko, pale unapotaka kusimama.

Darubini: Samahani wakuu, hii ni chai. Mwanzo "nimebakiza mbili", sasa ametoa advansi. Gari halitajwi. Akaunti ina siku mbili. Kesho atatokea mtu kutuuzia viungio.

BabaMapacha: Darubini usimkatishe tamaa. Na mimi nilianza hivyohivyo, nauliza wakati nimeshalipa.

Darubini: Basi aweke namba za kibandiko cha mlangoni mwa gari. Aliye na gari anaweza kuzisoma.

Kobe_Mpya: Si chai. Nililipa Jumamosi na mke hajui. Gari ni lake, ndilo analoendea kazini. Nilitaka mtu aniambie nimepatia, ndiyo maana niling'ang'ania vitanda. Nimetoka na tochi sasa hivi kusoma. Mzigo wote linaobeba usizidi kilo 430. Sisi watano peke yetu ni 290.

Darubini: Nimekuelewa. Niwie radhi, ndugu.

Spana13: Zinabaki 140, na uzito unaolalia kiungio unahesabiwa humohumo. Karavani ile ikiwa na kilo 1,750 tu, kiungio kinataka 175 kwenda juu. Hapo begi hata moja halijaingia. Ile fupi inasemaje?

Kobe_Mpya: Uzito wa juu 1,150.

Spana13: Kiungio kinaanzia 115. Zinabaki 25, mabegi yakae ndani ya karavani, juu ya ekseli. Muombe muuzaji ahamishie advansi huko. Kabla hujasaini ipitishe kwenye mzani, hakikisha breki zake zinashika, na usome tarehe ya tairi: namba nne za mwisho ni wiki na mwaka. Tairi la tela huzeeka hata kama kashata zimejaa.

Kobe_Mpya: Na watoto watatu walale wapi?

Mama_Njiani: Wakubwa wawili hema dogo la pembeni. Wangu waligombania kulala huko.

Mzee_wa_Hema: Nilisema.

Kobe_Mpya: Mke ameamka, anauliza tochi ya nini usiku huu. Ngoja nikamwambie.