Mizani 16 zipo, lakini shairi halikai. Tatizo ni nini?

Mwl_Nyegezi: Habari zenu wadau. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili hapa Mwanza, na jioni nina kikundi cha watoto wanaopenda kutunga. Nimewaanzisha na tarbia (ubeti wa mishororo minne), mizani yaani silabi 8 kwa 8 kila mshororo. Hii ni mishororo ya wawili wao:

*Wanafunzi wa kidato, cha pili twenda mwaloni*

*Dagaa wa ziwa letu, huvuliwa gizani*

Wa kwanza mizani zimetimia ila ukiusoma unakwama. Wa pili mtoto anaapa kahesabu sawa. Nawarekebishaje bila kuwatungia mimi?

Malenga_Nansio: Mwalimu, hayo ni maradhi mawili tofauti.

Mshororo wa kwanza: wa-na-fu-nzi-wa-ki-da-to ni 8, cha-pi-li-twe-nda-mwa-lo-ni ni 8. Hesabu haina kosa. Kosa ni kwamba mkato, yaani kituo cha katikati ya mshororo, umeangukia katikati ya "kidato cha pili", maneno ambayo pumzi haiyatenganishi. Waambie kila kipande kiwe na maana ya kushikika kikisimama chenyewe. Kipimo ni rahisi: funika utao (kipande cha pili) kwa karatasi, msomee mwenzio ukwapi (kipande cha kwanza) peke yake. Akiuliza "kidato cha ngapi?", rudi ukatunge upya.

Wa pili una 7 upande wa kulia: hu-vu-li-wa-gi-za-ni. Wengi hapo hubandika kiraka, "huvuliwa na gizani", mizani inatimia na sarufi inakufa. Badilisha kitenzi: "tuwavuao gizani". Hiyo ni 8 safi.

Kinachowakosesha sana ni M na N. Kanuni: M ikiwa ni kiambishi cha ngeli inahesabiwa peke yake. M-ge-ni (wageni) ni 3, m-ko-ko (mikoko) ni 3. Lakini mbo-ga na mbu-zi ni 2, maana M imeshikana na B. Neno lililobaki na silabi moja tu baada ya M au N linarudi kwenye 2: m-bu, m-bwa, n-chi, n-ne. Ndiyo maana "mbuni" yule ndege ni 2, na "mbuni" wa kahawa (mibuni) ni 3. Maneno kama alfajiri na daktari yana konsonanti iliyosimama bila irabu. Huyu anaipa mizani, yule anainyima. Anayeanza ayakwepe, aandike "asubuhi".

Ubeti wa yule wa dagaa ungeweza kwenda hivi:

*Dagaa wa ziwa letu, tuwavuao gizani,*
*Karabai za wenzetu, zamulika mawimbini,*
*Asubuhi kila mtu, akimbilia mwaloni,*
*Ndicho kitoweo chetu, na fedha ya mfukoni.*

(Najua siku hizi taa za sola zimejaa ziwani. Ila "karabai" ni mizani 4, "taa za sola" ni 5. Mshairi naye ana bajeti yake.)

BiKirumba: Shikamoo Malenga. Ubeti umekaa, lakini kwa kufundishia ningeukataa. Kina, yaani silabi inayofanana mwishoni mwa vipande, kikiwa -ni ni cha bure, kila mahali panapachikwa -ni. Cha -tu nacho ndivyo: letu, chetu, wenzetu. Mtoto akizoea hivyo, vina ndivyo vinamtungia shairi. Nyumbani, mjini, kazini, tayari kamaliza na hajasema kitu. Mwalimu, piga marufuku -ni kwa mwezi mzima. Wape -ma, -ka au -sha, waone akili inavyofanya kazi.

Na kabla ya kutunga waandike orodha ya vina. Shairi la beti 5 la mtiririko, yaani vina vya kati na vya mwisho havibadiliki shairi zima, linataka maneno 20 ya kati na 20 ya mwisho. Ukiweka kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho unaojirudia vilevile kila ubeti, yanashuka hadi 16 na 16. La ukaraguni linabadilisha vina kila ubeti, kwa hiyo ubeti mmoja unataka 4 na 4 tu, halafu unaanza upya. Waanze na hilo.

Huku kwetu kuna jambo jingine, R na L. Kwa sikio la mtoto aliyekua na Kisukuma, "barabara" na "kulala" ni kina kimoja. Hatalisikia kosa hata ukimsomea mara kumi, kwa hiyo likaguliwe kwa macho, kwenye orodha hiyohiyo.

Mwl_Nyegezi: Asanteni sana. Malenga marahaba yako naisubiri kwa niaba ya Bi Kirumba 😄. Sasa, kwa nini nisianze na shairi huru, niwaondolee mzigo wote huu? Kezilahabi, yule mshairi wa mashairi huru, si wa hapo Ukerewe?

Malenga_Nansio: Marahaba Bi Kirumba, na kuhusu -ni nimenyoosha mikono.

Mwalimu, Kezilahabi ni wa hapa kweli, na diwani yake *Kichomi* ya 1974 iliuchochea sana moto kati ya wanavina (wanaoshikilia vina na mizani) na wanamapinduzi (wanaoviacha). Lakini shairi huru si mzigo mwepesi. Vina vikiondoka, picha na mahali pa kukata mstari ndivyo vinabaki kubeba kila kitu. Mtoto wa kidato cha pili atakuletea insha iliyokatwakatwa.

Kama tarbia inawalemea, shuka kwenye utenzi: mishororo 4, mizani 8 kila mmoja, mitatu ya kwanza kina kimoja, wa nne kina cha bahari kinachorudi kila ubeti. Hakuna mkato wa kati, kwa hiyo lile tatizo la "kidato" halipo.

BiKirumba: Naunga mkono utenzi. Wachore visanduku 8 kwenye daftari, silabi moja kisanduku kimoja. Kisha waimbe, wasisome. Msomaji huiba mizani, anavuta hapa anabana pale, na 7 inapita. Kwenye mahadhi mtu wa pili akipiga meza kila silabi, pengo linasikika palepale. Na anayeimba asiwe aliyetunga, maana mwenyewe atalificha.