Naombeni ushauri: mawimbi kwenye majabali ya Coco Beach jua likichomoza, picha zinatoka ukungu mtupu

Kijana_wa_Temeke

Wakuu, heshima kwenu.

Natumia DSLR ya sensa ya APS-C, lenzi ya 18-55, stendi ya aluminiamu ya bei ya kawaida na filta moja ya ND1000 (kioo cheusi cha kupunguza mwanga). Nataka picha moja tu: wimbi linapanda majabali ya Coco Beach, jua linachomoza nyuma yake, povu linashuka kwenye mashimo ya matumbawe.

Ninachopata hadi sasa: sekunde 30, f/22 (tundu dogo sana la lenzi), ISO 100, maji yote yanakuwa kama maziwa yaliyomwagika. Anga karibu na jua ni jeupe, majabali ni meusi. Kuna vidoti vyenye ukungu pale pale kwenye kila picha, na siku nyingine lenzi inapata mvuke dakika za mwanzo. Kibaya zaidi, kuna asubuhi maji yako mbali kabisa, hakuna hata wimbi la kupiga.

Ninunue lenzi pana zaidi, au filta nyingine? Bajeti ni ya kitu kimoja.

---

MaziwaMakuu_Lens

Mkuu usinunue kitu. ND1000 ni filta nzuri, tatizo wewe una haraka. Panda hadi dakika mbili, maji yatalala vizuri na picha itatulia. Mimi ndiyo staili ninayoipenda.

---

Nahodha_wa_Mwanga

Dakika mbili ni sawa kwenye ziwa au gati. Huyu kasema anataka *wimbi*. Kwa dakika mbili wimbi halipo tena pichani, limebaki wastani wake.

Kijana, nianze na lile uliloliweka mwisho, maana ndilo la kwanza: maji kuwa mbali. Hapo hakuna lenzi itakayokusaidia. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na Dar wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Majabali unayoyataka yanapigwa na wimbi maji yakiwa juu tu. Yakipwa, wimbi linavunjikia nje huko, wewe unabaki na vidimbwi.

Habari njema ni kwamba saa za maji zinafuata mwezi, kwa hiyo unaweza kupanga wiki kadhaa mbele. Mwezi ukiwa mpevu, na vilevile mwezi ukiandama, maji ya Dar hujaa kwenye saa 10 na robo alfajiri hivi. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 40 hadi 50. Fanya hesabu: siku tatu baada ya mwezi mpevu, yaani mwezi 17 au 18 kwa kuhesabu tangu mwezi uandame, maji yanajaa kwenye saa 12 na robo hadi 12:45 asubuhi, na bado nguvu ya bamvua haijaisha. Hiyo ndiyo asubuhi yako. Mwezi 2 na 3 pia.

Ukienda mwezi 10 au 25, maji yamekupwa kabisa jua linapotoka, tena ni maji mafu, hayana nguvu. Nadhani zile asubuhi zako za "hakuna hata wimbi" zikitazamwa kwenye kalenda zitaangukia hapo.

Haya ni makadirio ya kuchagulia wiki. Siku yenyewe angalia jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, au programu yoyote ya maji kwenye simu, ila hakikisha umechagua kituo cha Dar, si cha Mombasa. Lenga dirisha la saa moja kabla ya maji kujaa hadi saa moja na nusu baada yake. Ndani ya muda huo maji hayasogei sana. Saa ya tatu na ya nne baada ya kujaa ndipo yanapokimbia.

Msimu nao: kusi, Mei hadi Septemba, ndilo lenye mawimbi ya kueleweka. Wakati wa matlai (upepo mwepesi wa mashariki) bahari inalala, rangi za anga nzuri lakini wimbi la kubembeleza.

---

Stopu_Tatu

Nahodha kamaliza upande wa maji, mimi niseme mwanga.

Mawimbi yanakuja kila sekunde 6 hadi 10. Ukiacha shata wazi sekunde 30 umerundika mawimbi matatu hadi matano juu ya picha moja, ndiyo hayo maziwa. Unachokitafuta (nyuzi za povu zinazoshuka kwenye mwamba) kinaishi kati ya robo sekunde na sekunde moja. Chini ya hapo, 1/1000 na kuendelea, unagandisha matone hewani. Hiyo ni picha nyingine, nayo inataka kama f/5.6 na ISO 800 dakika chache baada ya jua kutoka.

Sasa angalia jinsi mwanga unavyokwenda, anga likiwa safi, f/11, ISO 100, bila filta yoyote:

Dakika 20 kabla ya jua: kama sekunde 4.
Dakika 10 kabla: kama nusu sekunde.
Jua likigusa upeo: kama 1/15.

Umeona? Dakika 10 kabla ya jua kutoka, nusu sekunde unapewa bure, huhitaji kioo chochote. Baada ya hapo ndipo unahitaji stopu tatu tu (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) kurudisha 1/15 kuwa nusu sekunde, na stopu tatu ni ND8. ND1000 ni stopu kumi, imezidi kwa saba. Kwa hiyo hela yako ya kitu kimoja: ND8. Lenzi 18-55 inatosha kabisa.

Na uwe mwepesi. Huku kwetu karibu na ikweta jua halitambai kando ya upeo kama Ulaya, linapanda karibu wima, digrii moja kila dakika 4. Robo saa baada ya kuchomoza mwanga umeshakuwa mkali. Kazi yote ni kama dakika 35.

Kuhusu f/22: iache. Kwenye APS-C tundu dogo namna hiyo linalainisha picha nzima, tena linaanika kila vumbi lililoko kwenye sensa. Vidoti vyako vinavyokaa mahali pamoja kila picha ni vumbi la sensa, si maji ya bahari. Kwa 18mm na f/11, ukifokasi jabali lililo mita 2 mbele yako, kila kitu kuanzia chini ya mita moja hadi upeo kinakuwa kikali. Fokasi, kisha hamisha swichi kwenye MF (fokasi ya mkono) ili lenzi isitafute tena gizani.

Anga jeupe: piga RAW (faili ghafi), modi ya M (unapanga mwenyewe), tazama histogramu na hakikisha upande wa kulia haujagonga ukuta, isipokuwa sahani ya jua lenyewe. Majabali yataonekana meusi kwenye skrini, utayainua nyumbani. Mizani ya rangi (white balance) usiiache "auto", kamera itaona dhahabu ile ni kosa na kuisahihisha. Weka 5500 K, basi.

---

Kijana_wa_Temeke

Aisee. Yaani nilikuwa nabeba kioo cha stopu kumi kwa kazi ya stopu tatu. Swali: nabonyeza wakati gani? Natumia taima ya sekunde 2 ili kamera isitikisike.

---

Stopu_Tatu

Taima ndiyo inakuua. Sekunde 2 baada ya kubonyeza wimbi lilishapita. Nunua rimoti ya waya, ni ya bei ndogo.

Bonyeza pale wimbi *limeshapanda na linaanza kurudi*. Maji yanayokuja mbele yanatoa povu lisilo na umbo. Yanayorudi yanapita kwenye mifereji ya matumbawe na kuchora mistari inayoelekea baharini, moja kwa moja kwenye jua. Piga mfululizo picha tatu nne kwa kila wimbi zuri, huwezi kujua ipi imechora vizuri hadi ufike nyumbani. Na uzime kitulizi cha lenzi kamera ikiwa juu ya stendi.

---

Bi_Kojani

Assalaam alaykum. Mmeongea kamera sana, hakuna aliyetaja miguu ya mpigaji.

Mwanangu, majabali yale ni matumbawe ya kale, makali kama msumeno, na bahari imeyala kwa chini. Ukingo unaousimamia unaweza kuwa umening'inia hewani na wewe huoni. Rudi nyuma hatua mbili tatu kutoka ukingoni. Ndala hazifai, vaa viatu vya kufunga vyenye soli ya mpira. Penye kijani pasikanyagwe kabisa, hapo hata kiatu kinateleza.

Ukifika, usifungue begi. Simama mahali pakavu uangalie bahari robo saa. Jabali likiwa na rangi nyeusi ya majimaji, wimbi limefika hapo muda si mrefu, hata kama sasa hivi pametulia. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, na kundi moja linaweza kuchelewa dakika kumi. Kama maji bado yanajaa, jiulize utarudi kwa njia gani nusu saa baadaye, maana ule mfereji uliouruka ukiwa mkavu utakuwa umejaa. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, lala.

Usiende peke yako gizani na kamera shingoni. Hilo halihitaji maelezo.

Stendi sasa. Kwenye mchanga kila wimbi linapopita miguuni mwa stendi inazama kidogo, na picha ya nusu sekunde inatoka na kivuli. Iweke juu ya mwamba, mguu mmoja mbele kuelekea baharini, miwili nyuma. Kama lazima iguse maji, anza kufungua vipande vya chini vile vyembamba, vifunguo vibaki juu ya maji. Wengi wanasema tundika begi katikati kwa uzito. Kwenye upepo wa kusi begi linabembea na kuitikisa stendi yenyewe, labda liguse chini.

Mvuke kwenye lenzi: unalaza kamera kwenye chumba chenye AC au unaiweka mbele ya AC ya gari. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa nje ya ubaridi kabla hujalifungua.

---

Mzee_wa_Likoni

Kwa wa Mombasa wanaosoma: pale Mama Ngina panatazama kusini-mashariki, hivyo Desemba na Januari ndipo jua linatokea vizuri juu ya maji. Juni linahama kushoto, kama digrii 66 kutoka kaskazini, wakati Desemba liko digrii 113 au 114. Tofauti hiyo ya karibu digrii 47 ni kubwa, jabali lililokupa picha Januari huenda Juni likawa na jua ubavuni. Kijana, Coco Beach nako ni hivyo hivyo: Juni jua liko kushoto kwako, Desemba kulia. Na hapo Mama Ngina, lenzi isielekee kivuko wala meli za jeshi, utaharibu asubuhi yako kwa maelezo.

Na asikudanganye mtu uende Paje au Jambiani, Zanzibar, kwa ajili ya mawimbi. Pazuri, lakini mwamba uko mbali nje na mawimbi yanamalizikia kule.

---

Nuru_ya_Simu

Samahani kuingilia, sisi wa simu tufanyeje?

---

Stopu_Tatu

Tundu la lenzi kwenye simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo huwezi kwenda f/11, mwanga unazidi mapema. Tumia modi ya Pro, ISO ya chini kabisa, stendi ndogo, na ufanye kazi yako yote kabla ya jua kutoka. Mwenye iPhone apige Live Photo kisha achague athari ya Long Exposure, inatoa maji laini bila filta, ingawa inakata kingo kidogo. Na futa lenzi kila baada ya dakika mbili. Kioo cha simu kikiwa na chumvi, jua linakuwa buibui.

---

Kijana_wa_Temeke

Nimeelewa, wakuu, na Bi Kojani shikamoo. Mpango wangu: katikati ya Julai, mwezi 17, jua saa 12:35, nafika saa 12:15, ND8 iko kwenye lenzi juu ya filta ya UV ninayoitumia kulinda kioo, f/11, ISO 100, rimoti. Kuna kosa?

---

Nahodha_wa_Mwanga

Mawili. Saa 12:15 umechelewa, ndipo zile sekunde 4 za bure zinapoanza na wewe hujaangalia bahari. Fika saa 11:45 na tochi ya kichwani. Pili, toa UV kabla ya kufunga ND8. Vioo viwili mbele ya jua vinazidisha miale ya uongo, na kwa 18mm fremu za filta zinaweza kuingia kwenye kona za picha.

---

Bi_Kojani

Marahaba. Na la tatu: hujasema utafutia nini. Kitambaa kikavu juu ya chumvi ni msasa. Puliza kwanza kwa pampu ya mkono, halafu kitambaa laini kilicholowa kidogo maji baridi (yasiyo na chumvi), halafu kikavu. Beba vitatu, cha kwanza kitalowa kabla jua halijatoka.

Ukifika nyumbani fungua stendi vipande vyote, imwagie maji ya bomba, iache imekunjuliwa kivulini hadi ikauke. Ukiikunja na chumvi ndani, safari ijayo vifunguo havitazunguka.